Boti ya mbio kwenye visiki vya Mtera: kisa cha jioni moja

Propela ilikuwa na mapanga matatu. Moja lilibaki zima, la pili limekunjwa ncha, la tatu limeng'oka kipande cha ukubwa wa kiganja cha mtoto. Pezi la chini ya giaboksi halikuwepo kabisa. Juu zaidi, kwenye shetri, yaani ule ukuta wa nyuma unaobeba injini, boliti mbili za juu zilikuwa zimezungukwa na ufa mwembamba wa faiba, na ukiubonyeza pembeni kwa kidole gumba unatoa tone la maji ya rangi ya chai. Mwenye boti alikuja na shida ya propela. Mimi nilichokitazama kwa muda mrefu ni ule ufa.

(Ndiyo, Dodoma kuna fundi wa injini za boti. Watu hucheka nikiwaambia, kana kwamba bwawa la Hombolo halipo, na kana kwamba bwawa la Mtera si kilomita 120 hivi tu kwa barabara ya Iringa.)

Nakiandika kisa hiki kwa ruhusa ya mwenyewe, bila jina lake, kwa sababu wanaonunua boti za aina hii wanaongezeka na wengi wana mawazo yaleyale aliyokuwa nayo yeye. Ni mtumishi wa umma aliyehamia Dodoma serikali ilipohamia. Dar es Salaam alizoea kuvua kwa mshipi mwisho wa wiki, na alipofika huku akakosa bahari. Akapata boti ya mkono wa pili iliyoagizwa kutoka nje: faiba, urefu wa mita tano na kidogo, ubavu mfupi, sakafu tambarare mbele na nyuma, viti vya kuzunguka juu ya nguzo, injini ya nguvu ya farasi 90 nyuma na injini ndogo ya umeme mbele. Ni ile inayoitwa boti ya bass.

Hoja yake ya kuinunua haikuwa ya kipuuzi. Bass ni samaki wa Marekani anayependa kujificha kwenye miti iliyozama, na boti hizi zilizaliwa hukohuko kwenye mabwawa ya kusini yenye misitu chini ya maji. Ile inayotajwa kuwa ya kwanza ilitengenezwa Shreveport, Louisiana, mwaka 1948 na Holmes Thurmond. Kwa hiyo rafiki yetu akajiambia: boti iliyozaliwa kwenye visiki, Mtera itakuwa nyumbani.

Alichokiruka ni namna Wamarekani wenyewe wanavyoiendesha. Kwenye bwawa kama Toledo Bend, mpakani mwa Texas na Louisiana, kuna njia za boti zilizosafishwa miti na kuwekewa alama. Injini kubwa inafanya kazi ndani ya njia hizo. Ukitoka nje ya alama, unazima, unainua, unashusha ile ndogo ya umeme na kutambaa. Na kule Tennessee, kwenye ziwa la Reelfoot, lililotokana na matetemeko ya ardhi ya 1811 na 1812 na ambalo ni la kina kifupi lenye visiki kila upande, wenyeji walibuni boti yao tofauti kabisa, propela ikiwa imekingwa kwa chuma ili iteleze juu ya kisiki. Boti ya bass haikuundwa kugonga visiki. Iliundwa kukimbia mahali palipokwisha kusafishwa na kunyata mahali pasiposafishwa. Mtera hakuna aliyekusafishia.

Sasa bwawa lenyewe. Mtera ilijengwa miaka ya 1970, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kuhifadhi maji ya Ruaha Mkuu ili mitambo ya Kidatu, yenye megawati 204, isikose maji kiangazi. Mitambo ya Mtera yenyewe, megawati 80, ilikuja mwaka 1988. Maji yanapokuwa yamejaa husimama mita 698.5 juu ya usawa wa bahari. Kiwango cha chini cha kuzalishia umeme ni mita 690. Tofauti ni mita nane na nusu. Kwenye bonde tambarare kama lile, mita nane na nusu ni ziwa la zaidi ya kilomita za mraba 600 linalosogeza ukingo wake kwa kilomita kadhaa kati ya Mei na Novemba. Ukipita barabarani mwezi wa tano unaona bahari. Ukirudi Novemba unaona ng'ombe wanachungwa ulipoona bahari.

Miti haikufyekwa yote kabla ya maji kupanda. Ndiyo maana mpaka leo ile mifupa ya miti imesimama majini, na kila anayepita darajani husimama kuipiga picha na mnandi, yule ndege mweusi anayevua samaki, akiwa juu yake.

Hapa ndipo penye kiini cha kisa. Mti uliozama haufi sawasawa urefu wake wote. Sehemu inayobaki chini ya maji mwaka mzima hukaa miongo, kwa sababu wadudu na ukungu wanaoozesha mbao wanahitaji hewa. Sehemu inayobaki juu daima, jua huikausha ikawa ngumu. Inayoteseka ni ile ya katikati, inayolowa na kukauka kila mwaka. Hiyo huoza, mti ukavunjika hapo, na kinachobaki ni kigingi kilichosimama karibu na kimo cha maji ya kiangazi. Mti kama mgunga unaacha kigingi kigumu; mbuyu husambaratika ukawa nyuzi na hausumbui sana. Halafu ongeza binadamu. Maji yakishuka, watu huingia kwa miguu au kwa mtumbwi wakakata kuni. Wanakata mpaka usawa wa maji ya siku hiyo. Maji yakirudi sentimita thelathini, umepata eneo jeupe, safi, lisilo na mti hata mmoja, na chini yake pamejaa visiki vyenye kimo kimoja.

Kwa hiyo kwa boti, mti unaouona si adui. Unakwepeka. Pa kuogopa ni pale paliposafika.

Siku ya tukio ilikuwa mwishoni mwa Oktoba, maji yakiwa chini sana. Walipanga kuwa majini saa mbili asubuhi. Tairi la trela lilipasuka njiani karibu na Fufu, wakahangaika kupata la kufanana nalo, wakafika bwawani saa tisa alasiri. Ukingo ulikuwa umesogea, kwa hiyo hapakuwa na pa kushushia ila tope lililokauka juu na bichi chini. Gari likazama hadi ekseli. Vijana wa pale wakasukuma. Boti ikagusa maji saa kumi na nusu, na watatu wakaingia: mwenye boti, shemeji yake, na rafiki aliyekwenda kukaa kwenye kiti cha juu, mbele kabisa.

Mzee mmoja mvuvi alikuwa ukingoni akitengeneza nyavu. Mwenye boti alimwamkia, mzee akaitikia marahaba, akauliza wanakwenda wapi saa zile. Akaambiwa wanakwenda upande wa magharibi, kwenye miti ya ndege, watupe ndoana kidogo kabla ya giza. Mzee akasema, "Mwanangu, fuata miti mirefu. Mto uko katikati yake."

Maneno hayo machache yalikuwa na ramani nzima ndani yake. Kabla ya bwawa, miti mikubwa ilikuwa imeota kando ya mto, huku na huku, kwa sababu ndiko kulikokuwa na maji. Mkondo wenyewe haukuwa na mti, kwa kuwa ulikuwa mto. Ukiona leo mistari miwili ya miti mirefu iliyokufa ikijipinda pamoja, katikati yake ndipo penye kina na ndipo pasipo na visiki. Njia ile inazunguka, ni ndefu, lakini ni barabara.

Waliifuata kwa dakika kumi hivi. Kisha mkondo ukapinda kwenda kusini, na mbele yao, kuelekea kule kwenye ndege, palikuwa na uwanja mpana wa maji usio na kitu. Skrini ya kipima kina ilionyesha mita moja na nusu. Ramani ya simu ilionyesha bluu tupu. Akaacha mistari ya miti akakata moja kwa moja, na huko ndiko walikogonga kisiki.

Nianze na vifaa. Kipima kina kinasoma kilicho chini yake, si kilicho mbele. Pale anaposoma mita moja na nusu, boti imeshapita. Kisiki cha hatua tano mbele hakimo. Ramani ya simu nayo imechorwa ukingo kwa maji ya siku fulani ambayo si leo. Hivi ni vifaa vizuri, ninavyo na ninavipenda, ila vyote viwili vilimpa jibu la swali ambalo hakuwa ameuliza.

Jua. Ukuta wa bwawa uko mashariki, na maji yanatanda kuelekea magharibi. Anayeondoka upande wa ukuta asubuhi ana jua mgongoni. Anayerudi jioni analo mgongoni vilevile. Ratiba yao ya awali ilikuwa sahihi kabisa, sijui kama kwa kujua au kwa bahati. Kuchelewa kuliigeuza. Saa kumi na moja jioni walikuwa wanatazamana na jua uso kwa uso, juu ya maji yaliyokuwa yamechafuka, kwa sababu upepo wa kiangazi wa Dodoma hupanda mchana na hautulii mapema. Kukiwa shwari, kisiki kilicho chini kidogo huandika mkunjo juu ya maji, au doa lisilometa. Kukiwa na viwimbi na jua la mbele, hakuna cha kusoma. Kuna alama moja tu inayobaki, nayo ni ndege: ukiona mnandi amesimama majini mbali na mti wowote, chini ya miguu yake kuna mbao. Shemeji mtu anakumbuka kuwaona wawili upande wa kushoto. Hakulitilia maanani, na simlaumu, hakuna aliyewahi kumwambia.

Mwendo ndio uliniumiza zaidi, maana hapo mwenye boti alidhani anafanya busara. Alisikia kwamba penye visiki uende taratibu, kwa hiyo hakuongeza moto mpaka mwisho. Akashika katikati, labda kilomita 20 kwa saa. Kwa boti ya namna hii, mwendo wa katikati ni mbaya kuliko wowote. Ikitambaa, inakaa sawa na dereva anaona mbele. Ikishapanda juu ya maji kwa mbio, sehemu kubwa ya tumbo iko nje na propela imeinuka pamoja nayo. Katikati ya hapo, pua inanyanyuka ikamfunika dereva macho, na nyuma inakaa chini, propela ikichimba kina kirefu kuliko hata boti ikiwa imesimama. Injini ikiwa imeshushwa yote, ncha ya chini inafika kati ya sentimita 60 na 80 kutoka juu ya maji. Taratibu penye visiki maana yake ni mwendo wa mtu anayetembea, injini imeinuliwa mpaka propela inakaribia kutoa povu. Kasi kamili ni ya ndani ya njia unayoijua tu. Hiyo ya katikati haina mahali pake.

Kisha kiti. Yule rafiki alikuwa juu ya nguzo, mbele, kama mita moja kutoka sakafuni. Kiti hicho ni cha kuvulia boti ikiwa imesimama. Boti iliposimama ghafla yeye hakusimama. Aliruka mbele akaangukia majini, kati ya visiki, na kilichomwokoa na ubavu uliovunjika ni kwamba alikosa kisiki kwa bahati. Kilichomwokoa na kuzama ni jaketi, alilolivaa kwa sababu hajui kuogelea. Wawili waliojua kuogelea hawakuwa wamevaa. Walimvuta ndani haraka, na walikuwa sahihi kufanya haraka: Mtera kuna mamba na viboko, na lile wazo la kushuka ili uisukume boti, ambalo humjia kila mtu aliyenasa penye maji ya kiunoni, ni wazo la kulikataa kabla halijakamilika.

Mpaka hapo hasara ilikuwa propela na pezi. Injini ilipogonga iliruka juu yenyewe, kama ilivyoundwa. Vidhibiti vya mafuta kwenye mtambo wa kuinulia hulegea kwa pigo la mbele. Lakini boti ilikuwa imekaa juu ya kisiki kingine, tumboni. Mwenye boti akashusha injini, akaweka gia ya nyuma, akakanyaga.

Hili ndilo lililopasua shetri, na nina ushahidi. Injini ikigongwa kutoka mbele, mguu wake unasukumwa nyuma, na boliti za chini ndizo zinazovutwa. Ikigongwa kutoka nyuma, mambo hugeuka: boliti za juu ndizo zinazovutwa. Ufa ulikuwa juu. Zaidi ya hapo, kwenye gia ya nyuma injini haiachiwi kuruka. Ule ulegevu wa mtambo wa kuinulia haufanyi kazi kwa pigo la nyuma. Kwa hiyo mguu ukakutana na kisiki kilekile ulichokiruka mwanzoni, safari hii ukiwa hauna pa kwenda, na nguvu zote zikapanda kwenye ukuta. Alisikia "injini inanguruma lakini boti haiendi", maneno yake mwenyewe. Huo ulikuwa mpira wa ndani ya propela umeshaanza kuteleza, na ulikuwa unamfanyia hisani.

Kuhusu lile tone la rangi ya chai. Rangi hiyo ni ya mbao zilizolowa siku nyingi. Ndani ya faiba ya shetri kuna ubao, na boliti zisipozibwa vizuri ubao hunywa maji polepole kwa miaka. Boti iliuzwa ikiwa imeshaanza kuoza mgongoni. Kisiki kiliionyesha tu. Kabla ya kununua boti ya mkono wa pili, gonga shetri kwa mpini wa bisibisi kutoka kona hadi kona; ubao mzima unalia, uliooza unasema "dufu". Kisha shika injini kwa juu, itikise kwa nguvu, huku mwenzako akitazama kama ukuta unapumua. Haichukui dakika tano, na haihitaji fundi.

Walinasa mpaka jua linazama. Hawakuwa na upondo, walikuwa na kasia fupi ya plastiki. Waliowatoa ni wavuvi wawili waliokuwa wakienda kutega, mmoja mpwa wa yule mzee. Walichofanya ni kidogo mno kiasi kwamba mwenye boti anakisimulia kwa aibu kidogo. Wakasogeza mtumbwi ubavuni, wakasema, "Kaka, inua mashine yote juu, halafu nyie wawili njooni huku." Boti ya ukubwa ule, watu wawili wakitoka, huinuka sentimita mbili hivi. Zilitosha. Kijana akapima chini kwa upondo mara tatu nne, akapata upande usio na kitu, akasukuma. Ikateleza. Wakaivuta hadi ukingoni gizani, wakifuata miti mirefu.

Mzee alikuwa bado yupo. Wakampa pole ya usumbufu, akawapa pole ya ajali. Mwenye boti akamwambia pale walipogonga hapakuwa na mti hata mmoja. Mzee akajibu, "Palikuwa na miti mwanangu. Tumekata wenyewe, ule mwaka wa mgawo. Kuni za samaki." Mwaka wa mgawo wa umeme ni 2006, ukame ulipoishusha Mtera chini ya kile kiwango cha mita 690 na nchi ikakaa gizani. Visiki vilivyokatwa usawa wa maji ya mwaka ule vinasubiri kila mwaka maji yanaposhuka kukaribia hapo.

Shetri nimeifungua, ubao uliooza nimeutoa na kujenga upya. Propela aliomba nimpe ya chuma cha pua, ngumu, isikunjike tena. Nimemkatalia. Propela ya alumini ikigonga inakunjika yenyewe. Ya chuma cha pua inabaki nzuri na kupeleka pigo kwenye shafti na meno ya gia, ambayo bei yake ni habari nyingine. Mtera, propela inatakiwa iwe kitu cha kufa kwanza. Nimempa ya alumini na nyingine ya akiba ya kuweka kwenye boti pamoja na spana yake.

Aliuliza kama auze. Nadhani hapana, ila boti hii kwake ni ya miezi michache: kuanzia mvua zikiisha, Mei hadi Julai hivi, maji yakiwa juu na asubuhi zikiwa tulivu, ndani ya mkondo. Baada ya hapo ni injini ya umeme tu, au akodi mtumbwi. Na kiangazi kikikolea aende na mtumbwi na simu, akipita kwenye kile kiwanja cheupe na vingine kama hicho, ahifadhi alama ya kila kisiki anachokiona, akiandika pembeni kimo cha maji cha siku hiyo. Njia aliyopita salama maji yakiwa mita 697 si njia maji yakiwa 692, na alama isiyo na kimo itamdanganya kama ile ramani ya bluu. Kabla ya kwenda apite pia kwa afisa uvuvi aulize kuhusu leseni na kama bwawa limefunguliwa.

Sharti langu jingine ni kijana wa palepale mbele ya boti, analipwa siku nzima, na upondo wa urefu wa mita tatu mkononi. Kiti cha juu cha mbele nimekifungua. Boliti zake ziko kwenye mfuko chini ya kiti cha dereva. Atakifunga akifika, boti ikiwa imesimama, na kukifungua tena kabla ya kuwasha injini kubwa.